Mkaratusi, Vanila na Mabuti

Jumapili, 30 Novemba

Mshumaa wa kwanza wa Majilio umewashwa kanisani, na mimi nimefungua daftari hili ambalo Mzee Vital, bosi wangu, alinipa deponi niandikie mabunda ya vanila. Mabunda yatasubiri. Hapa nitaandika harufu, maana nimebaki na siku ishirini na tano za kuifanya nyumba hii inukie Noeli.

Siku hiyo Mama Kavira anakuja kwetu kwa mara ya kwanza. Ni mama yake Rémy, kijana anayetaka kumwoa Falone wangu. Mjane wa Butembo, anauza vitambaa hapa Bunia, na watu wanasema akiingia nyumba isiyompendeza anaaga kwa adabu, na neno la ndoa halitajwi tena. Kuna nyumba moja aliikataa kwa sababu ya choo. Simlaumu. Mimi ningeikataa kabla ya kukifikia choo chenyewe.

"Na ile bombe ya marashi, mama, usiipulize," Falone ameniambia. "Mama ya Rémy iko na asima ya kifua. Akivuta ile, anaangukaka."

Kana kwamba ningeipuliza! Zile bombe zinanitia kinyaa: ua la waridi ambalo halijawahi kuona udongo. Mimi nitatumia majani, maganda na viungo. Kunusa ndiyo kazi yangu. Miaka kumi na moja vanila kutoka Mambasa inapita chini ya pua hii, ganda baada ya ganda. Ganda moja lenye ukungu likijificha ndani ya bunda huozesha bunda zima, na mimi nalikamata kabla jicho halijaona kitu. Deponi wananiita Mama Pua. Najifanya sipendi.

Jumanne, 2 Desemba

Mvua. Choo cha jirani kimefurika hadi njiani. Sina la kuandika, nimefunga madirisha.

Alhamisi, 4 Desemba

Zacharie amefika. Ni mdogo wake Adolphe, mume wangu, na anachimba dhahabu Mongbwalu. Kila mwaka huja Noeli na zawadi ya kunitesa. Mwaka juzi kasuku mwenye matusi, mwaka jana beberu aliyekojolea kapeti mbele ya katekista. Mwaka huu amekuja mikono mitupu, tope hadi magotini, na mabuti meusi ya mpira. Shimo lao limejaa maji, anasema.

Akakaa kizingitini, akavua buti la kushoto. Mungu wangu! Maharage yaliyosahauliwa sufuriani siku nne yana heshima kuliko kile kilichotoka mle. Nilirudi nyuma hadi ukutani, kanga puani.

"Zacharie! Rudisha hiyo buti! Sitaki uvue mabuti mu nyumba yangu, hata siku moja, mpaka Noeli ipite!"

"Shemeki, juu ya huu muguu, ni vile..."

"Sitaki habari ya miguu. Rudisha!"

Akalivuta buti akikunja uso, nikajua ananionyesha hasira. Kisha akacheka. "Bon. Mwenye nyumba amesema."

Nimempa kachumba ka vitunguu, kando ya saluni tunapopokea wageni. Nimepiga deki mara tatu.

Jumapili, 7 Desemba

Mshumaa wa pili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wa kwangu sijampa jembe, nimempa panga tu, anikatie matawi ya sipre ya kupamba mlango. Ametumia asubuhi nzima, amerudi na matawi machache kwapani, akiyumba njia nzima kama mlevi. Saa nne ya asubuhi, siku ya Bwana!

"Umekunywa, shemeji?"

"Hapana, shemeki. Kuchoka tu."

Kuchoka. Mwanaume anayeshinda shimoni wiki nzima achoshwe na sipre. Sikumgombeza kwa sababu nimetoka kupokea Komunyo.

Maganda ya machungwa yanakauka vizuri juu ya bati. Hayo angalau yananitii.

Jumanne, 9 Desemba

Kuna harufu ndani ya nyumba. Si mabuti yale tu, hii nyingine iko chini yake, tamu kidogo, na utamu wake ndio mbaya zaidi. Nimemwamuru Adolphe apande kwenye plafon kutafuta panya aliyekufa. Ametafuta saa nzima, akashuka na ndara moja ya zamani na utando wa buibui kichwani.

"Mama Falone, mimi sisikie kitu."

Asikie nini? Anatengeneza pikipiki. Pua yake ilikufa kwa petroli kabla sijaolewa.

Alhamisi, 11 Desemba

Harufu ipo. Nimetupa makayabo yote, hata yale mazuri. Falone amelia, alitaka kuyapika kwa mboga ya bitekuteku. Bora machozi kuliko uvundo wa samaki mbele ya mkwe.

Jumamosi, 13 Desemba

Leo nimefanya jaribio. Nimeweka sufuria kubwa juu ya babula ya makaa mlangoni: majani ya mkaratusi, mchaichai, ndimu mbili, tangawizi iliyopondwa, na vipande vya vanila ambavyo Mzee Vital aliniachia kwa sababu vimevunjika. Mvuke ukaingia saluni polepole. Kwa saa nzima nilikaa kwenye kiti changu macho yamefungwa, nikamshukuru Mungu kwa kunipa pua. Ilikuwa Noeli kweli.

Kisha, chini ya vanila, kile kitu kikarudi.

Zacharie alikuwa kwenye benchi lake nje, chini ya dirisha. Siku hizi hatoki hapo. "Inasikika muzuri, shemeki," akasema. "Haya majani inaweza kuondoa harufu ya kila kitu?"

"Ya kila kitu kinachooshwa," nikamjibu, nikamtazama mabuti ili aelewe.

Akainamisha kichwa. Safari hii hakucheka. Nimefurahi, ameelewa.

Jumatatu, 15 Desemba

Majani ya mkaratusi yanapungua kapuni. Jana nilijaza, leo ni nusu. Nimemgombeza Falone, anasema hajagusa. Nani basi, beberu wa mwaka jana?

Jumatano, 17 Desemba

Mvua imekatika, vumbi limeanza. Jua la saa saba, watu wanatafuta kivuli, na Zacharie amekaa juani amevaa koti zito la Adolphe, vifungo hadi shingoni, kama bosi anayengoja ndege. Nimemwambia bosi avue koti, ananiletea aibu kwa majirani. Amesema anasikia baridi. Jasho lilikuwa linamtiririka usoni! Watu wa dhahabu wana maringo hata mfukoni mkiwa mtupu.

Kapu la majani limepungua tena.

Ijumaa, 19 Desemba

Leo deponi nimepata sifa. Mnunuzi alikuwapo, na Mzee Vital akataka kumwonyesha. Wakanifunga macho kwa kitambaa, wakanipitishia mabunda ishirini. La kumi na nne nikasema simama, humu kuna ugonjwa. Wakalifungua. Katikati kabisa ganda moja lilikuwa na ukungu mdogo kuliko kucha ya mtoto. Walipiga makofi.

Nikarudi nyumbani nimejaa sifa, nikafungua mlango, ikanipiga usoni. Pua yangu hainidanganyi. Kuna kitu kinaoza ndani ya nyumba hii.

Jumapili, 21 Desemba

Mshumaa wa nne. Nimemwambia Adolphe wazi: Noeli ikipita, ndugu yako arudi kwake. Ni yule, ni mwili wake, ni uchafu wake wa kimongbwalu, haogi. Bafuni anakaa nusu saa na ndoo, anatoka na mabuti miguuni, makavu. Anaosha nini, masikio?

"Sema polepole," Adolphe akasema. "Ukuta ni mbao."

"Asikie basi!"

Chakula cha jioni Zacharie hakula. Falone alimpelekea ugali na sombe, ukarudi vilevile. Amenuna. Mtu wa miaka arobaini na miwili ananuna kama bibi harusi.

Jumanne, 23 Desemba

Nimetapika. Niko mzima, ni harufu.

Jumatano, 24 Desemba

Kila kitu tayari. Sipre mlangoni na juu ya picha ya Bikira. Machungwa yaliyochomekwa karafuu, saba, kwenye sahani ya bluu. Nimekaanga kahawa saa kumi jioni, milango yote wazi, ili moshi wake uingie kwenye mapazia. Vanila nimeifunga kwenye vitambaa, nimeisukumia ndani ya mito ya viti.

Nimeingia kachumbani kwa Zacharie, kanga puani, nikamweleza: kesho wageni wakifika abaki humo, mlango ufungwe, asitoke hadi waondoke. Alikuwa amelala chali, mabuti yake nje ya blanketi, yameegemea gunia la vitunguu. Midomo imekauka.

"Sawa, shemeki. Sitatoka." Kisha akasema: "Falone ni mutoto muzuri. Sitamuharibia."

Nilitoka haraka, nikavuta pumzi uani. Sikumwuliza kitu.

Alhamisi, 25 Desemba, Noeli

Naandika benchini hospitalini. Jua bado halijazama. Acha niandike yote, tena kwa mpangilio, nisije nikayapamba.

Walifika saa tisa, Mama Kavira na Rémy, kwa gari la kukopa. Yeye ni mwanamke mfupi, amejifunga kikwembe cha njano kipya, mkufu wa dhahabu, kikapu mkononi. Sufuria yangu ilikuwa inatokota mlangoni tangu saa nane. Nilisimama nikimtazama pua, sikutazama kitu kingine. Akapita kizingiti. Akasimama. Akavuta pumzi mara moja, mara mbili. Nikangoja sifa.

Aliweka kikapu chini, akavua mkufu wake, akaufunga kwenye pindo la kikwembe.

"Pole sana, Mama Falone," akasema kwa sauti ya chini. "Mugonjwa iko wapi?"

"Mugonjwa gani? Hapa hakuna mugonjwa. Karibu, ikaeni."

"Mama, hii ni harufu ya kufukiza mutu. Karitusi, sitronele, ndimu, tangausi. Siye tulimufukiza baba ya Rémy nayo myezi mbili, tukamufunika na blanketi juu ya sufuria. Nani hajue?"

Kila mtu anajua! Mimi mwenyewe nilimfukiza Falone hivyo hivyo kwa mafua yake, mwaka baada ya mwaka. Nimeishi wiki mbili na sufuria ya wagonjwa mlangoni nikaiita Noeli.

"Ni ya sikukuu tu," nikasema. "Ni juu ya nyumba inukie. Ikaeni, mama."

"Siye hatuikalake mbele ya kusalimia mugonjwa." Akageuza kichwa, akanusa tena, na uso wake ukabadilika. "Na chini ya karitusi kuko kitu ingine. Ile naijua. Nililala nayo mu chumba moja mpaka tukazika."

Akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa kachumba. Nilijaribu kumzuia, nisiandike uongo, nilimshika hata mkono. Akaufungua.

Zacharie alikuwa anatetemeka, macho yamezama, anazungumza na watu wa shimoni. Mama Kavira akapiga magoti juu ya maganda ya vitunguu na kikwembe chake kipya, akashika buti la kushoto, akavuta. Zacharie akapiga kelele. Buti halikutoka. Mguu ulikuwa umeujaza mpira wote.

"Kisu," akasema. "Falone, shika hapa, juu ya goti. Usiachilie."

Rémy alilikata buti toka juu hadi chini. Harufu iliyotoka sitaieleza. Nitasema tu kwamba niliitambua, kwa sababu nimekuwa nikiinusa siku ishirini na moja. Vidole vilikuwa vyeusi. Juu ya mguu palikuwa na mkato mrefu wa beleshi lililompiga huko Mongbwalu, umefunguka, unatoa maji. Na ndani ya buti, kuzunguka mguu, yamesukumwa kutoka juu hadi vidoleni, yamegandana na usaha, kulikuwa na majani ya mkaratusi, makavu na mabichi, safu juu ya safu.

Majani yangu. Kapu langu. Alikuwa anayajaza ndani ili nyumba yangu inukie.

Nilikimbia uani, nikatapikia ndoo ya maua.

Nilipokuwa nimeinama pale nilimsikia Mama Kavira kupitia dirisha: "Baba, juu ya nini haukuvua hii buti? Wiki tatu?"

Na sauti ya Zacharie, dhaifu, bila uchungu wowote, kama anaeleza njia ya kwenda sokoni: "Mwenye nyumba alikataza kuvua."

Falone alibaki ameushika mguu. Hakugeuza uso hata mara moja, Rémy ameniambia. Wakambeba hadi garini. Babula ilipinduka mlangoni walipokuwa wanapita, na saluni yote ikaoga mkaratusi na vanila.

Ijumaa, 26 Desemba

Wamekata vidole vyote vitano vya kushoto na kipande cha mguu. Daktari anasema kisigino kitabaki, Mungu akipenda. Angechelewa siku mbili zaidi, tungemzika.

Wahenga wanasema mficha maradhi, kifo humfichua. Wahenga hawakuishi kwangu. Huyu alianza kusema siku ya kwanza, kizingitini, na mimi nikamrudishia neno lake mdomoni pamoja na buti lake.

Adolphe hajanilaumu. Amesema tu, "Mimi pua yangu ilikufa, Mama Falone." Kisha akaenda kununua mkate. Ningependa angenipiga kelele.

Jumapili, 28 Desemba

Kinyaa. Nimelisema neno hilo maisha yangu yote juu ya vyoo, samaki na miguu ya watu. Leo nimejitazama kwenye kioo cha kabati nikalirudia. Nimefumua mito, nimetoa vanila, nimeitupa jalalani. Machungwa ya karafuu yalikuwa yameanza kuota ukungu upande wa chini. Sikuwa nimeyageuza.

Jumatatu, 29 Desemba

Mama Kavira alikuwa hospitalini kabla yangu, ameleta uji. Tulikaa kwenye nyasi za uani. Nikamwambia nimekuja kumwomba radhi kwa Noeli yake na kwa kikwembe chake.

"Kikwembe inafuliwa," akasema. Akafukuza nzi. "Weye ulisikia harufu mbele yetu wote, Mama Falone. Ulisikia siku ya kwanza."

Niling'oa jani la nyasi, nikalikatakata.

"Mimi nitakusemea neno moja tu, kisha tutaacha. Nilikuya kwako kuangalia mutoto. Nyumba nyingine ile nilikataa, watu wanasema juu ya choo. Hapana. Muzee wao alikuwa anakaa peke yake mu jikoni, wanamupelekea chakula kwa mulango ya nyuma. Falone wako alishika ule muguu sawa vile anashika mutoto. Mimi nimeona. Siku muzee Zacharie atarudi kwa nyumba, nitakuya na wajomba ya Rémy. Atakuwa anaikala mu salo?"

"Atakaa saluni," nikasema.

"Bon."

Falone bado hasemi nami, ila asubuhi aliniachia chai kwenye thermosi. Haikuwa na sukari.

Jumatano, 31 Desemba

Nimefunga kitambaa cha kidonda mara ya kwanza. Muuguzi alitaka kunipa barakoa. Nimekataa. Ilinuka dawa, na damu, na mtu. Zacharie alikuwa anatazama dari.

"Shemeki, toka inje kidogo upumue," akasema.

Nimebaki hadi mwisho. Si ushujaa. Nilimfunga vibaya, muuguzi akarudia.

Jumamosi, 3 Januari

Vumbi jekundu kila mahali, hadi kwenye meno. Nyumba nimeifagia tu, sikuwasha babula, sikuchemsha kitu. Inanuka kama ilivyo: mbao, petroli ya Adolphe, sabuni, vitunguu.

Wamemleta saa nne. Mama Kavira amemshika upande mmoja, Falone upande wa pili, na magongo mapya ya mbao. Wajomba wawili wa Rémy walikuwa nyuma na kreti ya soda, hawajui watazame wapi. Mguu wa kushoto umefungwa kitambaa cheupe. Wa kulia una buti. Lile lile jeusi la mpira, hana kiatu kingine.

Alifika kizingitini akasimama. Wote wakasimama nyuma yake, juani. Nilidhani amechoka, nikanyoosha mkono. Akainua macho, akaniuliza kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi:

"Shemeki, nivue ao niingie nayo?"

Hakuwa ananichoma, ningejua. Alikuwa anauliza kweli, kwa sababu amri ile sikuwa nimeiondoa.

Nilipiga magoti pale pale, mbele ya wajomba. Nikashika kisigino cha buti kwa mkono mmoja na goti lake kwa mwingine, nikavuta polepole. Lilitoka. Halafu soksi. Nikavuta pumzi kwa pua, pumzi nzima, yote. Ulikuwa mguu tu, wa mtu aliyetembea, una jasho.

Nimeliweka buti ndani, kando ya viatu vyangu vya kanisani.